Mtori unafika getini wa moto, mlangoni umepoa: mnaopeleka chakula kwenye maghorofa Arusha mnafanyaje?

MamaWaHotpoti (Kijenge)

Wakubwa shikamooni, wadogo habari za mchana.

Napika nyumbani Kijenge na kuwapelekea watu chakula cha mchana na cha jioni. Ndizi nyama, mtori, wali na maharage ya nazi, makande siku ya Ijumaa, na loshoro kwa wanaoijua utamu wake. Sahani 5,000, mtori 3,000, boda juu ya mteja. Nilianza na maduka ya mjini, Goliondoi na barabara ya Sokoine, na huko mpaka leo sina lalamiko. Kijana anaingia, anaweka chombo juu ya kaunta, analipwa, anatoka. Kilichonileta hapa ni wateja wa kwenye maghorofa, yale yenye uzio mmoja na geti moja, halafu ndani kuna majengo matano au sita yanayofanana. Siyataji majina. Bado nauza humo na nataka kuendelea kuuza.

Watu wakisikia chakula kimechelewa wanafikiria foleni. Foleni ipo, na Kilombero saa saba mchana kila mtu anaijua. Lakini kutoka kwangu kwenda Njiro, ukishavuka kipilefti cha Impala, boda hachukui muda. Muda unaliwa ndani ya geti.

Hebu fuateni oda ya kawaida kabisa. Kijana anafika, mlinzi anauliza unakwenda kwa nani. Anataja jina, mlinzi analijua kwa jina la mume. Piga simu. Simu inaita haipokelewi, kwa sababu mama wa watu kaiweka chaji chumbani na yeye yuko jikoni. Daftari la wageni ni moja, na mbele yako wako wa gesi, wa maji, fundi wa dishi na dada wa kufua. Unaandika jina, namba ya simu, unaacha kitambulisho. Pikipiki haiingii, ibaki nje, na kwenye pikipiki kuna oda za wateja wengine.

Ukiruhusiwa, majengo yote rangi moja. Herufi ya jengo iliandikwa siku ya kwanza, leo mti umeota mbele yake. Mteja kasema "C12", lakini C12 haikwambii ni ghorofa ya ngapi. Kuna mahali jengo moja lina ngazi mbili zisizokutana: unapanda za kushoto mpaka juu, unakuta mlango unaoutafuta uko upande wa kulia, unashuka mpaka chini na kuanza upya. Lifti ikiwepo, umeme ukikatika jenereta linawasha taa na pampu ya maji tu.

Halafu mlangoni kuna malipo. Mteja analipa kwa Lipa Namba, ujumbe unakuja kwenye simu yangu mimi, kijana haoni kitu. Ananipigia, na mimi mikono imejaa unga wa chapati. Mtandao ukizubaa wanasimama pale wanatazamana. Na bado vyombo. Hotpoti ikishapanda ghorofa ya nne kuirudisha ni safari nyingine nzima, daftari lile lile, ngazi zile zile.

Kinachoniuma ni mtori. Anayeujua mtori anajua: ukipoa unajikaza, unaota ngozi juu, na ndizi inabadilika rangi. Nimeupika kwa moyo, nimeuchuja vizuri, nyama imeiva mpaka inaachia mfupa, halafu mtu anaufungua anakuta uji mzito wa vuguvugu. Habari za geti hazijui, wala si kazi yake kuzijua. Anachojua ni kwamba mama wa Kijenge kaleta mtori umepoa.

Kuacha sitaki. Wateja wa maghorofa wanakula siku zote. Kuanzia Juni mpaka Oktoba, watalii wakiwa wengi, waongoza watalii wako Serengeti na Ngorongoro wiki nzima, wake zao wanarudi kutoka kazini jioni wamechoka, na baridi ya Juni na Julai ya hapa mnaifahamu. Mtu anataka kitu cha moto.

Sasa naomba uzoefu wenu. Mnawaambia wateja washuke getini? Mnaongea na nani ili boda aingie? Na vyombo mnavirudishaje?

---

boda_wa_Sakina

Mama shikamoo. Mimi ndiye yule anayesimama getini, kwa hiyo nakuelewa.

Ukweli wa upande wetu ni kwamba safari ya Njiro tunakubaliana bei ya barabara. Hakuna anayelipa muda wa ngazi. Nikikaa getini kwako, abiria wangu wawili wameshachukuliwa na wenzangu pale kijiweni. Ndiyo maana vijana wengine wakisikia jina la ghorofa fulani wanasema wako mbali. Kwa hiyo la kwanza kabisa, kubaliana na dereva mmoja tu, umlipe oda za ghorofa kwa bei yake, tofauti na za dukani. Huyo mmoja walinzi watamzoea sura. Ukibadilisha vijana kila siku, kila siku unaanza upya na daftari.

La pili, simu ipigwe wakati natoka jikoni kwako, nisisubiri mpaka nifike. Mteja akipokea, mwambie palepale: "Boda ametoka, mpigie mlinzi umwambie." Neno la mpangaji kwa mlinzi linafungua geti kuliko maneno yangu kumi. Asipopokea, oda yake inaingia mwisho kwenye mzunguko, naanza na wengine.

La tatu, muulize mteja mara ya kwanza tu na uandike kabisa: geti lipi (kuna sehemu lina geti la mbele na la nyuma), jengo gani, ngazi za upande gani, ghorofa ya ngapi, mlango wa mkono upi. "C12" hainisaidii. "Jengo C, ngazi za kulia, ghorofa ya tatu, mlango wa kushoto" inanifikisha hata nikiwa na kofia ngumu kichwani. Pini ya ramani inaishia getini. Hivi vibao vya anwani za makazi vilivyowekwa 2022 vimetusaidia sana mitaani, lakini ndani ya uzio mwenye kujua ni mtu wa humo tu.

Nikiwa na oda nne jengo moja, napanda nazo zote mpaka ya juu kabisa, nashuka nikigawa. Wengi wanaanza chini kwa sababu ndiyo ya kwanza kuonekana. Ukianza chini unagonga mlango, unasubiri, unapanda, unagonga, unasubiri, na ukimaliza bado unatakiwa kushuka zote mikono mitupu.

Kuhusu malipo, walipe kabla sijatoka. Hapo sina mjadala.

---

MzeeWaLindo

Mama, marahaba ya shikamoo yako. Nimesimamia walinzi kwenye nyumba za kupanga hapa Arusha kwa miaka mingi kabla ya kupumzika, acha niseme upande wa getini.

Mlinzi hamzuii kijana wako kwa roho mbaya. Chochote kikipotea ndani, wa kwanza kuulizwa ni yeye: nani aliingia, saa ngapi, uliandika wapi? Na mtu mwenye nia mbaya anajua kabisa kwamba mfuko wa chakula mkononi unapitisha. Maagizo ya kumzuia mtu wa chakula kwa kawaida yanatoka kwa msimamizi wa nyumba au kamati ya wapangaji, na mlinzi hana ruhusa ya kuyavunja hata kama amekula pilau yako. Ukimpa elfu mbili akupitishe, umemweka pabaya, na atakayekuja zamu inayofuata hana habari na makubaliano yenu.

Nenda kwa msimamizi. Barua fupi ya ukurasa mmoja: unaitwa nani, unapikia wapi, unauza nini, unaleta saa ngapi, wateja wako ni nyumba zipi. Ambatanisha picha na nakala ya kitambulisho cha boda wako, namba ya pikipiki, na nakala ya leseni yake ya udereva. Omba jina lake libandikwe kwenye kibanda cha mlinzi. Likishabandikwa, zamu zote zinaliona, hata mlinzi mgeni aliyeletwa jana. Akivaa kizibao cha kuakisi mwanga chenye jina la biashara yako, anatambulika toka mbali na kitambulisho hakiachwi tena.

Kuna jambo watu wa chakula hawalijui, nalo linawagharimu sana jioni. Sehemu nyingi walinzi wanabadilishana zamu saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Ukifika kumi na mbili kamili jioni unakuta wawili wanakabidhiana: funguo zinahesabiwa, tochi, redio, daftari linasainiwa. Hakuna atakayekuhudumia. Wakati huo huo magari ya wapangaji yanarudi kutoka kazini yamejipanga na honi. Chakula cha jioni kifike saa kumi na moja na nusu au saa moja kasorobo. Hapo katikati kaa mbali na geti.

---

JuuKabisa

Samahani, naingilia kama mpangaji. Naishi na mama yangu mzazi, magoti yake hayamruhusu ngazi, na jengo letu ni la zamani, lifti haijawahi kuwepo. Mimi nikiwa kazini namwagizia chakula. Kila muuzaji mpya anayesema "wateja washuke getini" anakuwa amemwondoa mama yangu. Yuko pia jirani yangu aliyejifungua juzi, na wengine wanaouguza. Hawa ndio wanaohitaji kuletewa kuliko sisi wenye miguu mizima.

Naomba muwafikirie mnapopanga. Mimi niko tayari kulipa 1,000 zaidi kwa ajili ya ngazi, na sidhani niko peke yangu. Ila isemwe mapema. Kinachoudhi ni kijana kufika mlangoni anahema, halafu anataka nyongeza kwa mama mzee ambaye hana hela ndogo ndani.

Na nisaidieni hili: mama anachukua muda kufika mlangoni. Vijana wanagonga mara mbili, wanaacha chombo sakafuni, wanaondoka. Chakula cha mtu hakiwekwi sakafuni kwenye korido.

---

BwanaAfya_Moshi

Nawasalimu kutoka Moshi, huku nako maghorofa yanaongezeka na shida ni hizo hizo.

Naomba kuongezea kwenye joto, maana hili si la ladha peke yake. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kikae juu ya nyuzi joto 60 mpaka kinapoliwa, na kisiachwe kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili. Wali ndio wa kuangaliwa zaidi. Mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus zinastahimili kuchemka, na wali ukikaa vuguvugu muda mrefu wanazaliana na kutoa sumu ambayo kuupasha tena hakuiondoi. Kwa hiyo mama, anza kuhesabu saa zako pale unapopakua, na hesabu hiyo inakwisha mteja anapokula.

Hotpoti uijaze maji yanayochemka wakati chakula kinamalizikia jikoni, uyamwage, upakue hapo hapo. Hotpoti baridi inakula joto la chakula kabla hakijatoka mlangoni kwako. Ijaze mpaka karibu na kifuniko, nafasi tupu inapoza. Kachumbari na parachichi zisikae mfuko mmoja na vyombo vya moto. Mtori uweke kwenye chupa ya chai yenye mdomo mpana, utashangaa unavyodumu, na kwa mama mzee wa hapo juu chupa ni rahisi kuipokea kuliko sahani iliyofungwa foili.

Kuhusu maelekezo ya jengo na ngazi, wako watu walilimaliza hilo zamani. Mumbai, India, kuna wabebaji wa chakula wanaoitwa dabbawala, kazi yao ilianza mwaka 1890. Wanachukua vyombo vya chakula cha mchana majumbani na kuvipeleka maofisini kwa baiskeli, treni na miguu, maelfu kwa maelfu kwa siku, na chombo kimoja kinapita mikono ya watu kadhaa. Juu ya kifuniko kuna alama za rangi, herufi na namba: kituo kinakotoka, kituo kinakoshukia, jengo, na ghorofa. Wabebaji wengi hawakusoma sana, na alama inatosha. Wewe una majengo sita tu. Chagua rangi ya utepe kwa kila jengo, andika ghorofa kwa namba kubwa na mshale wa upande wa ngazi. Kijana asome kifuniko, asifungue simu kutafuta meseji huku mvua inamnyeshea.

---

MamaWaHotpoti (Kijenge)

Jamani asanteni. Nimesoma huku naandika kwenye daftari la jikoni.

Dada wa JuuKabisa, umenigusa. Nilikuwa nimeshaanza kuelekea kwenye "wote washuke", kwa sababu ndiyo njia nyepesi kwangu. Sasa nitafanya hivi. Wenye uwezo wa kushuka nitawapa muda mmoja maalumu, saa saba kasorobo, wachukue getini na wapunguziwe 500. Wanaopandishiwa watalipa 1,000 ya ngazi, na itasemwa wakati wa kuagiza, ilipwe pamoja na chakula. Mzee, mgonjwa na mzazi aliyejifungua hawatalipa ya ngazi kwangu, hiyo nitaibeba mimi. Nimelelewa Machame, kwetu mzazi akijifungua unampelekea mtori mpaka kitandani, siwezi kumtoza kwa kutoshuka. Na hakuna chombo changu kitakachowekwa sakafuni. Kijana atasimama mpaka mlango ufunguliwe.

Kaka wa Sakina, najua utauliza nani anaanza, wa getini au wa juu. Nimefikiria. Wa juu waanze, kwa sababu chakula chao hakina mtu wa kukifuata. Hizi za getini zibaki kwenye begi la joto kwenye kibanda cha mlinzi, kwa ruhusa yake, mpaka saa saba kasorobo. Ila ufike saa sita na nusu. Ukichelewa, mpango wote umeharibika.

Utepe wa rangi nanunua kesho Soko Kuu. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 natumia ile mifuko mbadala ya kitambaa, na maandishi ya kalamu hayashiki vizuri juu yake ikilowa, kwa hiyo utepe utakaa kwenye kifuniko cha chombo chenyewe.

Vyombo hakuna aliyenijibu vizuri bado! Nimewaza mteja aweke amana ya chombo mara ya kwanza, abaki na hotpoti moja, na kila tunapoleta iliyojaa anatoa tupu iliyooshwa, tunabadilishana mlangoni. Asiyekuwa na tupu siku hiyo apakuliwe kwenye ya foili. Kuna aliyejaribu amana? Watu hawanuni?

---

boda_wa_Sakina

Kubadilishana mlangoni ni sawa, hiyo haininyimi muda. Amana usiite amana, waambie wananunua hotpoti yao, iandike jina na utepe wake. Mtu akijua ni yake anaiosha.

Saa sita na nusu nafika. Masika je? Machi mpaka Mei zile barabara za ndani za udongo zinateleza, sitapanda na begi kubwa mgongoni. Tuwe na begi la kufungwa kwenye kiti.

---

JuuKabisa

Mimi nitanunua hotpoti mbili. Mama wa Kijenge, barua ikiwa tayari niambie niipitie, kamati yetu ya wapangaji inakaa Jumamosi hii na mimi ni mjumbe. Jina la msimamizi nakutumia pembeni.

---

MamaWaHotpoti (Kijenge)

Naandika leo usiku watoto wakilala. Kesho naipeleka mwenyewe, nikiwa na kijana wangu ili wamwone uso.

---

MzeeWaLindo

Ipeleke kabla ya saa nne asubuhi. Msimamizi akishaanza kuzunguka na mafundi humpati mpaka jioni. Na uwe na nakala mbili, moja akusainie kwamba ameipokea, ukae nayo wewe.